Zamu ya Mong'ina

Mong'ina alikuwa ameshona nguo Homa Bay kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa alijua njia tatu tu: ya kwenda kibandani kwake sokoni, ya kwenda kanisani, na ya kwenda stejini kupanda gari la Kisii. Haikuwa uvivu. Alipofika mjini aliwaambia majirani wa soko kwamba angekaa miezi sita, apate wateja, anunue cherehani ya pili, kisha arudi kwao Nyamira afungue duka. Mtu wa kupita, alisema, hana haja ya kujua vichochoro. Cherehani ya pili ikanunuliwa, ikafuata ya tatu, na vichochoro vikabaki vya wenyewe.

Dorine ndiye aliyemng'oa. Dorine aliuza dawa katika duka lililotazamana na kibanda cha Mong'ina, mwanamke Mjaluo wa Karungu mwenye miguu mirefu na mdomo usiojua likizo.

"Utazeekea kwenye hicho kiti," alimwambia siku moja, "hadi wateja wadhani ni sehemu ya cherehani. Jumapili tunatembea. Unakuja."

Walikuwa wanne. Dorine, ambaye alitoka misa ya kwanza saa mbili na nusu na hakutaka kurudi nyumbani kufua; Boaz, mwalimu wa shule ya msingi; Bichage, muuza misumari na saruji katika duka la vifaa vya ujenzi; na sasa Mong'ina. Yeye na Boaz walikuwa Wasabato, kwa hiyo Jumamosi haikuguswa. Kanuni alizitunga Boaz, kama mwalimu. Kila Jumapili mmoja anaongoza. Hakuna kupanda bodaboda. Hakuna kutazama ramani ya simu. Na anayeongoza haulizwi maswali.

Bichage aliwapandisha kilima cha Asego hadi wakauona mji wote umelala chini yao kama nguo iliyotandazwa. Boaz aliwapeleka gatini, akawaeleza habari za meli za zamani kwa muda mrefu kuliko meli zenyewe zilivyokaa pale. Dorine akawapitisha kwa akina mama wanaokausha samaki wa mbuta kwa moshi, wakarudi wananuka hadi Jumatano. Kisha ikafika zamu ya Mong'ina.

Wiki nzima hakushona vizuri. Alitia zipu ya sketi kinyume, akaifumua, akaitia tena kinyume. Angeongoza wapi? Kanisani? Stejini? Alhamisi, mteja mmoja aliyekuja kupima gauni alitaja kwamba kwao wana njia ya mkato ya kushuka ziwani, njia nzuri, ya kivuli. Mong'ina akasimamisha futi kiunoni mwa yule mama.

"Inapita wapi?"

"Nyuma ya shule. Unafuata mtaro, ukiona mwarobaini unakata kushoto. Huwezi kupotea."

Jumapili saa tatu, mbele ya kibanda chake, Mong'ina aliwatangazia wenzake kwamba leo watakwenda ziwani kwa njia ya siri.

"Siri ya nani?" Bichage akauliza.

"Anayeongoza haulizwi maswali," Boaz akamkumbusha.

Wakaondoka. Shule ilionekana, mtaro ukaonekana, na Mong'ina akaanza kutembea kwa mikono ya kuyumba, kama mwenye mji. Ukaonekana mwarobaini. Akakata kushoto. Hatua thelathini mbele kulikuwa na mwarobaini mwingine, mkubwa kuliko ule, na baada yake wa tatu. Mong'ina hakusimama. Alikata kushoto, akakata tena kushoto, akawapitisha katikati ya ua wa minyaa na shamba la mihogo, akawatoa mahali ambapo palikuwa na mbuzi watatu na choo kipya.

"Choo kizuri," alisema Dorine.

"Mabati ya geji thelathini," alisema Bichage. "Ni ya dukani kwetu."

Ziwa lilionekana muda wote. Hilo ndilo lililomuumiza Mong'ina. Lilikuwa pale chini, pana na lenye kung'aa, lakini kila njia aliyoshika iliishia kwenye ua wa mtu. Walizunguka hivyo karibu saa nzima. Jasho likamtoka, na halikuwa la jua.

Mwisho njia ikawafikisha kwenye lango la mabati lililokuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na uwanja mpana, na uwanja wote, kutoka ukutani hadi ukutani, ulikuwa umetandikwa nyavu kuukuu zenye omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juani. Zilimetameta kama sindano. Katikati alisimama mwanamke mnene mwenye leso kiunoni, ametazama juu. Wingu jeusi lilikuwa limeinuka upande wa kisiwa cha Rusinga na lilikuwa linakuja mbio.

Yule mwanamke akawaona.

"Koth biro!" alipiga kelele. "Biuru! Biuru piyo!"

Boaz na Bichage, ambao hawakujua Kijaluo, wakatazamana. Dorine akafungua mdomo atafsiri, lakini Mong'ina alikuwa ameshavua viatu. Alikimbilia upande wa pili wa wavu wa kwanza, akashika pembe mbili, akamwita yule mwanamke kwa Kijaluo ashike zile nyingine, na kwa pamoja wakaukunja wavu hadi omena zikakusanyika katikati. Kisha akawageukia wenzake.

"Mvua inakuja, anasema njooni upesi! Mnangoja nini? Boaz, shika magunia! Bichage, lete lile karai!"

Wakafanya kazi kama watu wanaozima moto. Boaz alifungua midomo ya magunia, Dorine akajaza, Bichage akabeba. Upepo ukafika kabla ya mvua na kutaka kuondoka na turubai la kufunikia magunia; Bichage akalikalia. Wavu wa nne ulipokunjwa, matone makubwa yalianza kugonga mabati. Wavu wa tano waliuburuta wote watano wakipiga kelele, wakauingiza jikoni pamoja na wao wenyewe, na hapo mvua ikamwagika.

Wakasimama kizani mle jikoni, wanahema. Kisha mwenye nyumba akaanza kucheka, na wote wakaambukizwa.

Aliitwa Phelesia. Aliwaletea viti viwili na madumu mawili ya kukalia, akawasha moto, akateleka chai. Wanawe walikuwa wamekwenda kanisani, alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, na kama si wageni hawa, omena za siku mbili zingekuwa chakula cha kuku. Ila hakuelewa kitu kimoja.

"Nyinyi watu, mlikuwa mnatafuta nani?"

Wote watatu wakamgeukia kiongozi wao. Mvua ilikuwa inapiga kelele juu ya paa, na labda ndiyo iliyomsaidia, kwa sababu ilimbidi aseme kwa sauti.

"Hatutafuti mtu, mama. Nimewapoteza. Sijui njia." Akawatazama wenzake. "Sijui njia yoyote ya mji huu. Miaka tisa. Niliona aibu kusema."



"Mimi nilijua tangu mwarobaini wa pili," alisema Bichage.

"Na hukusema?"

"Si tumekatazwa maswali?"

Boaz akakohoa. "Mimi pia niseme. Ile siku ya gatini, nilikuwa nimekwenda peke yangu Ijumaa jioni, nikafanya mazoezi ya njia. Nilikuwa nimeandika hata maelezo kwenye kiganja."

Dorine alicheka hadi akamwaga chai. Alipotulia, alimwelekezea Mong'ina kidole. "Mimi hilo la njia halinishangazi. Kinachonishangaza ni kingine. Miaka yote hii nakusemesha Kiswahili, kumbe unajua Kijaluo kuliko wajomba zangu wa Nairobi! Umejifunzia wapi?"

"Kazini. Mwanamke akipimwa kiuno hazungumzi Kiswahili."

Phelesia akapiga paja lake kwa furaha. "Kweli kabisa! Sasa wewe binti, nyar Kisii kwa lafudhi yako, unakaa wapi?"

Swali hilo Mong'ina alikuwa ameulizwa mara mia, na jibu lake lilikuwa tayari siku zote: kwetu Nyamira, hapa napita tu. Lilimfika mdomoni kama kawaida. Lakini mikono yake ilikuwa imejaa magamba ya omena, viganja vinamwasha, na wale watatu walikuwa wamekaa pale kwa ajili yake, nguo zimelowa, bila kinyongo. Likaonekana jibu la uongo.

"Nakaa hapa hapa mjini, Makongeni," alisema. "Karibu na bomba la maji. Siku moja uje, nikushonee gauni."

"Nitakuja," alisema Phelesia, kama mtu anayepanga jambo dogo.

Mvua iliisha ghafla kama ilivyoanza. Phelesia akawafungia omena kwenye gazeti, furushi moja kwa kila mmoja, akakataa kusikia hapana. Kisha akawapitisha nyuma ya nyumba, akasogeza tawi la minyaa, na pale, chini ya kivuli cha miti, palikuwa na njia nyembamba inayoteremka moja kwa moja hadi majini.

"Si umesema njia ya siri," Boaz akamwambia Mong'ina. "Basi ongoza."

Akaongoza. Matope yalikuwa yanateleza, wakashikana mikono. Chini walikuta ufuko mdogo wenye mawe, na mbali kidogo watu wawili wanaziba boti kwa lami. Mong'ina alikunja sketi, akaingia ziwani hadi magotini. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Kutoka hapo mji ulionekana kwa mgongo wake, upande ambao hakuwahi kuuona: nguo kwenye kamba, matangi ya maji, paa za mabati zinazofuka mvuke, mtu anapiga deki kwenye varanda ya juu. Akaanza kuuliza. Lile jengo la buluu ni nini? Ule mnara ni wa nini? Njia ile pale inatokea wapi? Dorine alijibu mengine, Bichage akajibu mengine, na yale wasiyoyajua waliyagombania.

Wakarudi juu kwa barabara kubwa, viatu mkononi. Bichage alikuwa amekalia omena bila kujua pale juu ya turubai, zikamganda nyuma ya suruali, na kuanzia kona ya kwanza paka wawili wakamfuata. Akawafukuza, wakasimama, akatembea, wakatembea. Walipofika sokoni walikuwa paka wanne, na wauza mboga wakawa wanampisha njia kana kwamba ni bwana harusi.

"Msicheke," alisema Bichage. "Hata nyinyi mnanuka, ila mimi ndiye wanayempenda."