Nyumba Iliyonong'ona

Nesi Bernadeta alipofungua mkanda wa kipimo mkononi mwa Maimuna, hakuficha kitu. Presha ilikuwa juu sana, mkojo una protini, na mimba ndiyo kwanza miezi saba.

"Leo hii mshuke mjini, hospitali kubwa," alimwambia Twalibu, mume wa Maimuna.

Twalibu akaenda kutafuta gari. Aliporudi alimkuta Mzee Sufiani, mjomba wa mkewe, ameshafunga kanga za mpwa wake kwenye furushi. Hapa Kinole mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba akisema, mume husikiliza.

"Shikamoo, mjomba. Gari limepatikana."

"Marahaba. Gari la nini? Presha ni mawazo. Umemtia mtoto wetu mawazo, anakuja kwetu kupumzika."

"Mjomba, hatujagombana."

"Kila mume ni malaika mbele ya wakwe."

Bernadeta aliingilia. "Mzee wangu, si mawazo. Shida ilianzia kwenye kondo la nyuma, mimba ikiwa changa. Mishipa inayolipelekea damu ilipaswa kutanuka, haikutanuka. Kondo likikosa damu ya kutosha linamwaga vitu vinavyoumiza mishipa ya mama, mwili mzima. Kumpumzisha hakutoshi. Dawa yake ni kuzalishwa."

"Kumbe mchawi ni kondo!" Mzee alicheka. "Binti, wewe umezaa wangapi?"

Bernadeta hakuwa amezaa.

Wakampandisha Maimuna mlimani, nyumbani kwa mjomba. Mjomba alimpenda kweli. Alimwachia kitanda chake, yeye akalala mkekani. Alikataza redio, akakataza kutwanga, watoto wakafukuzwa uani. Nyumba nzima ilinong'ona. Maimuna aliposema kichwa kinapasuka na anaona vimulimuli, walifunga madirisha apate giza. Twalibu alirudishwa njiani, asije akamkoroga tena.

Kesho yake asubuhi Maimuna alikakamaa, akatetemeka, meno yameumana. Vijana walimfunga kwenye machela ya miti, wakateremka mbio kati ya migomba. Twalibu na Bernadeta waliwapokea barabarani, gari linaunguruma. Maimuna alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni.

Mzee Sufiani alimshika Bernadeta mkono. "Kwetu hakuna aliyemkwaza. Hata mbwa tulimfunga mbali. Mawazo aliyatoa wapi?"

"Hakuwa na mawazo, mzee wangu."

Mzee akamgeukia Twalibu, machozi yakimtiririka.

"Basi ulimwambia nini, kabla sijafika?"