Fundo la Arobaini na Moja

"Mama Adero, kamba hii unaijua?" Wakili aliinyanyua ile kamba ya katani, jaji aione.

Asiijue vipi? Baada ya mafuriko ya Katwe, Adero alikaa wiki tatu kwenye jalala nje ya Makindye, mvua juu, tope chini. Kila lori la Ogutu lilipomwaga tope, alifunga fundo moja. Kalamu hakuizoea, serikali ililipa safari kwa hesabu ya mafundo. Mafundo yalikuwa sitini. Lori lilikwenda mara arobaini. Ogutu, dereva Mkenya, akafungwa miaka mitano kwa kuiibia serikali. Siku ya kesi Adero aliulizwa mafundo yalizidi vipi, akajibu, "Sijui." Leo jaji wa rufani alikubali aulizwe tena.

Asubuhi, kwenye kibaraza cha mahakama, Rosebella mke wa Ogutu alimpa karanga za kuchemsha. "Kula, Mama. Usitetemeke. Wewe huna kosa."

Adero akazifunga karanga kwenye pindo la nguo.

Abubaker, msimamizi wa kazi ile, alipita na viatu vyake vya kung'aa, akamwinamia. "Bibi, ile sukari yangu ilikuwa tamu?"

Ilikuwa tamu. Sukari ilikuwa imepotea mjini, na wajukuu walikuwa wamechoka na uji chapwa. Kilo moja tu, na neno la Abubaker. "Ongeza ishirini, Bibi, nani atajua?" Adero akaongeza, ameketi jikoni, mikono imeoshwa.

"Mama?" wakili akamwita.

"Nipe hiyo kamba, mwanangu."

Alilegeza fundo la kwanza kwa meno, kisha kwa kucha. Vumbi jekundu la tope lililokauka likamwagika juu ya meza. Jaji akalipuliza kutoka kwenye karatasi zake.

"Haya nilifunga kule jalalani," Adero alisema. "Mikono ilikuwa na tope."

Akahesabu kwa kidole, taratibu, hata karani akapiga miayo. Akafika la arobaini na moja. Huko nyuma benchi lililia. Abubaker alikuwa amesimama.

Fundo likafunguka. Halikudondosha kitu. Ndani, katani ilikuwa nyeupe kama siku iliponunuliwa.

"Na hili ulifungia wapi?" jaji akauliza.

"Kwangu, mzee. Jikoni."

Rosebella akaziba mdomo kwa kanga. Askari wa mlangoni akasogea hatua moja. Adero hakugeuka, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kulegeza fundo lililofuata.