Majina Kumi Ubaoni

Chanjo ya kifaduro ya watu wazima huja kwetu katika boksi la dozi kumi, wala msambazaji hauzi nusu. Kliniki yetu ina daktari mmoja, muuguzi mmoja ambaye ni mimi, na wanachama mia nne na kumi na wawili. Wanalipa ada ya mwezi, wana namba ya simu ya daktari, na hatushughuliki na bima ya mtu yeyote. Mwaka wa kwanza Dokta Hiebert alitupa dozi sita zilizopitwa na muda. Tangu hapo tukaweka utaratibu: majina yanaandikwa ubaoni, nyuma ya meza yangu, na boksi haliagizwi mpaka yatimie kumi.

Tarehe tatu Septemba walikuja Verlin Schrag na binti yake Kendra. Verlin ni mkulima wa ngano na mtama, mjane, mwanachama wetu tangu siku tuliyofungua mlango. Kendra alikuwa amerudi kutoka Colorado bila mume, akiwa na mimba ya wiki thelathini na moja.

"Lorna, nimekuletea watu wawili kwa bei ya mmoja," Verlin alisema.

"Baba, mimi nimejilipia ada yangu."

"Basi watatu kwa bei ya wawili. Huyo wa tumboni kaingia bure."

Dokta alimweleza Kendra mambo kwa mpangilio. Mtoto mchanga hachanjwi kifaduro kabla ya miezi miwili. Mama akichanjwa katika miezi mitatu ya mwisho, mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama. Watu wazima wa nyumbani nao wachanjwe, wasimletee ugonjwa. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine, akaniachia niwaandikishe.

Ubaoni palikuwa na majina sita. Nikaandika la Verlin, la saba, na la Kendra, la nane.

"Sasa hiyo sindano lini?" Kendra aliuliza. "Kwani hakuna mahali pengine wanapochoma?"

"Mmeshafika wanane," nikamwambia. "Ni wiki moja, labda mbili."

Hilo halikuwa jibu la alichouliza. Siku mbili kabla, muuguzi wa kaunti alikuwa ametuandikia kwamba ana dozi za kutosha, mtu aje tu bila miadi. Ni maili ishirini na mbili. Nilijua pia kwamba wawili hao wakienda kaunti ubao ungerudi sita, na wale sita walikuwa wakisubiri tangu Juni.

"Kaunti wanakupanga foleni kama ng'ombe mnadani," Verlin alisema, ingawa hakuna aliyeitaja kaunti. "Mimi nina daktari wangu."

Wiki mbili zikapita, zikawa nne. Jina la tisa lilipatikana mwisho wa Septemba. La kumi halikupatikana. Mwanzoni mwa Oktoba Kendra alikwenda hospitali ya wilaya jirani alikopangiwa kujifungulia, na mkunga akamwambia angeweza kumchoma papo hapo. Kendra akamjibu kwamba ameshaandikishwa kwa daktari wake. Alinisimulia mwenyewe kwa simu, akicheka kidogo. "Nimewaambia mimi nina kwetu." Nikamjibu, "Vizuri."

Otto alizaliwa tarehe ishirini na nne Oktoba, kilo tatu na robo, mzima. Jina la kumi likaingia tarehe sita Novemba: mwalimu wa muziki aliyejikata kwa kopo, maana sindano hiyo hukinga pepopunda pia. Boksi likafika tarehe kumi na moja asubuhi. Nilimpigia simu Verlin kwanza.

Alikuja na nguo za kazi. Alikuwa amekunja mkono wa shati tayari kikohozi kilipomshika. Alikohoa bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, akajishikiza ukutani, uso ukamwiva, na mwisho pumzi ikamwingia kwa mlio mwembamba. Nikaiweka sindano chini.

"Tangu lini, Verlin?"

"Wiki mbili. Vumbi la mtama hilo, tumevuna mpaka juzi. Choma, bibie, trekta inanisubiri."

"Unakaa na mtoto?"

"Nani mwingine? Alfajiri nambeba mimi, mama yake apate kulala."

Dokta alimpitishia kijiti cha pamba puani, akampa dawa, akampigia Kendra amlete mtoto saa ile ile. Otto hakuwa akikohoa. Kendra alisema amekuwa mtulivu tu, hanyonyi sana. Tulimlaza mezani nikamtazama kifua. Kikasimama. Nilihesabu sekunde kumi na nne, midomo ikageuka rangi, Dokta akamchezea nyayo, kifua kikaanza tena.

"Amelala?" Kendra aliuliza.

"Hapana," alisema Dokta, na tayari alikuwa akiita helikopta ya hospitali kubwa ya Wichita.

Alifariki tarehe kumi na tisa, akiwa na siku ishirini na sita. Kipimo cha Verlin kilionyesha kifaduro. Cha mtoto vilevile.

Baada ya mazishi nilikwenda shambani kwao. Verlin alikuwa nje, kando ya ghala, ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Nimempa mimi," alisema. "Usinizungushe, Lorna. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo. Kwa vipimo tulivyo navyo, ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Kuna jingine," nikasema. "Kaunti walikuwa na chanjo siku ile mlipokuja. Nilijua. Kendra aliponiuliza, sikumwambia, kwa sababu nilitaka majina yatimie."

Kikohozi kikamjia, akakimaliza.

"Daktari anajua?"

"Nimemwambia jana."

"Na Kendra?"

"Bado. Nilidhani labda wewe..."

"Mimi?" Akasimama. "Mimi nina langu la kumwambia kila siku asubuhi akiniona. Lako mpelekee mwenyewe. Yuko jikoni."

Nilipanda ngazi za nyuma nikaingia. Kendra alikuwa ameketi mezani mbele ya mabakuli ya chakula walicholeta majirani, hakuna lililofunguliwa. Nikabaki nimesimama, nikamweleza: tarehe, barua ya kaunti, maili ishirini na mbili, swali lake na jibu langu.

Hakulia. Alinitazama mdomoni, kama ambaye hakusikia vizuri.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.