Mate Kwenye Kinu

Mate yangu yalikuwa hayajakauka kwenye kinu pale mama yake Spès, binti niliyekwenda kumposa, alipotokea mlango wa jikoni, sahani ya mihogo ya kuchemsha mkononi. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba yake, suruali yangu ya posa nimeikunja hadi magotini, na kuku wake wananitazama kwa hasira kwa sababu nilikuwa nimewamwagia maji. Kinu chenyewe kilikuwa kimepasuka mdomo miaka mingi iliyopita, hakitwangiwi tena, na maji yaliyobaki chini ya ule ufa ndiyo waliyokuwa wakinywa. Nilikuwa nimekilaza ubavu ili nione kitako chake.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza.

"Natazama mti, mama."

"Kwa mate?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kinu, kimelowa. Nilimjibu ukweli, kwamba ndiyo, kwa mate, na hapo ndipo posa yangu ilipoanguka.

Kazi yangu ni kukereza kalamu. Kipande cha mti kinazunguka kwenye mashine, mimi nakipunguza kwa patasi kidogo kidogo mpaka kinabaki gamba jembamba la kuuvika mrija wa wino. Wanasema kizuri chajiuza, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kutafuta mbao. Mti mzuri hujificha kwenye masizi na matope, na ukitaka kuujua lazima uulowanishe, ndipo rangi na mistari yake inapojitokeza. Maji yanatosha, ila nani anatembea na maji mfukoni? Mimi nalamba kidole, nasugua, natazama. Nimefanya hivyo kwenye benchi la kanisa wakati wa mahubiri. Nimefanya hivyo kwenye mguu wa kitanda cha gesti Sitalike, na asubuhi nikamshawishi mwenye gesti tubadilishane miguu. Kalamu yangu ya kwanza kusifiwa ilitoka kwenye gunia la mkaa, kijiti kilichoungua nusu, na nyingine nzuri sana ilitoka kwenye nguzo ya zizi huko Kakese iliyokuwa inanuka mbuzi. Mafundi wenzangu wa Mpanda wanapanga foleni kwenye maghala ya mbao. Mimi naingia jalalani, na kalamu zangu zinazishinda zao. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Siku ile kidole kiliponionyesha kilichokuwa chini ya kinyesi cha kuku, nilisahau nimekuja kufanya nini Litapunga. Nilisahau kwamba sebuleni mjomba wangu Sylvanus, mshenga wangu, alikuwa anazipanga sifa zangu moja baada ya nyingine huku soda ya pili ikimsubiri. Na nilisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa huku analijua: mate ni ya wazee. Mzee akikutemea mate kifuani kabla ya safari, amekubariki. Kijana akiweka mate yake kwenye chombo cha mzazi, tena mzazi wa binti anayemposa, amemwambia kitu ambacho hakirudishwi kwa salamu.

Mama Gaudiose, huyo mama yake Spès, aliweka sahani chini. Hakupiga kelele. Alipita pembeni yangu, akaingia sebuleni, na nikamsikia akimwambia mjomba kwa upole kabisa, "Mzee, chukua kijana wako. Nyie mmekuja vizuri, lakini nyumba hii imeshajibu."

Njiani, tulipofika lami, mjomba aliniinamia sikioni kwenye pikipiki.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Wewe umekwenda, mwenyeji kaugua. Nimeposea watu wengi, Maiko. Nimeona wanaokataliwa kwa ulevi, kwa dini, kwa ukoo. Wewe wa kwanza kukataliwa na kinu."

Spès alinipigia jioni. Yeye na mama yake wamebaki wawili tu pale nyumbani tangu baba yake, mzee Celestin, alipofariki, na alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

"Mama hajala. Anasema umemtemea baba."

"Baba yako? Mimi nimegusa kinu."

"Kile kinu alikichonga baba. Kwetu kinu hakichomwi, hakikaliwi, sembuse kutemewa. Umeniharibia, Maiko. Umeniharibia kabisa."

Nilimwambia nampenda. Nilimwambia pia, kwa sababu ndivyo nilivyo, kwamba sijawahi kuona mti kama ule.

"Basi njoo umwambie mwenyewe," akasema. "Usije na mjomba wako. Njoo na maneno yako."

Nilirudi Jumapili baada ya misa, mfukoni nina patasi, vipande vya msasa na tonge la nta. Sikuogopa kukosea maneno. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba Spès angeolewa na mwingine kwa sababu ya kidole changu. Mama Gaudiose alikuwa uani anamenya mihogo. Aliponiona aligeuza kigoda chake, akanipa mgongo.

Nikaongea na mgongo.

"Mama, yale mate hayakuwa ya dharau. Lakini mimi sina mvi, mate yangu yalikwenda mahali pasipo pake. Kwa mate naomba radhi. Kwa mti sina kosa. Ukiniruhusu nitakuonyesha nilichokiona, halafu unifukuze vizuri."

Kisu kiliendelea kumenya. Spès alitoka jikoni na kata ya maji, akaitua karibu na kinu bila kumtazama yeyote, akarudi mlangoni. Nilichukulia hiyo ndiyo ruhusa.

Niliosha sehemu ya kitako, upana wa kiganja changu. Nikaparua uchafu kwa patasi, nikasugua kwa msasa mkavu mpaka mkono ukaniuma, nikapaka nta na kuipasha moto kwa kusugua kwa kitambaa. Ulikuwa mninga, lakini si mninga wa mbao za milango. Wekundu wake ulikuwa umejaa mistari ya dhahabu inayojikunja, na katikati ya mistari vijicho vidogo vidogo, vimebanana kama mtama kwenye suke. Mti hautoi hivyo isipokuwa pale ulipoota kifundo, uvimbe ambao wakata miti wengi wanauacha porini.

"Tazama sasa, mama."

Aligeuka kwa shingo tu, kisha kigoda kizima. Akaja akainama, mikono yake ina utomvu wa mihogo, hakugusa.

"Hiki ndicho kile kinu?"

"Ndicho."

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Tulipopewa shamba hapa palikuwa pori tupu," akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Wenzangu waume zao waliwachongea vinu vya mti ulionyooka, vinapendeza. Celestin akaniletea hiki, cha kifundo. Nikamwambia, wenzangu wamechongewa vinu, mimi umenichongea jipu. Kila nikitwanga nilimwambia. Nimemwambia mpaka anakufa." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile siku. "Wewe ni fundi. Yeye aliyaona haya?"

Niliweza kumjibu vizuri, na nilijua jibu langu ni la kweli.

"Mama, kifundo cha mninga kinamtesa fundi. Nyuzi zake haziendi upande mmoja, tezo inaruka, inarudi kukukata mguu. Kwa muda alioutumia kwenye hiki angechonga vinu viwili vya mti ulionyooka. Hakuna mtu anayechagua kifundo kwa uvivu. Na kila kibanzi kilipodondoka, mti ulikuwa mbichi, umelowa. Aliyaona yote."

"Mbona hakusema?"

Spès ndiye aliyejibu kutoka mlangoni.

"Ulimpa nafasi, mama?"

Nilifikiri sasa tumefukuzwa wote wawili. Mama Gaudiose akacheka, kicheko cha ghafla kilichowakimbiza kuku, kisha kicheko kikageuka, na akalia akiwa ameshika mdomo wa kinu kwa mikono yote miwili. Tulimwacha alie. Alipomaliza alijifuta kwa kitenge na kuniuliza kwani mti huu nilitaka kuufanyia nini.

"Kalamu. Tungesainia siku ya harusi, kama harusi ingekuwepo."

"Kinu hakichomwi, hakikaliwi," akasema polepole. "Kukatwa sijui. Hakuna aliyewahi kuuliza." Akafikiri. "Kata pale kwenye ufa. Kidogo tu. Kuku wabaki na maji yao."

Nilikata kipande chembamba kwenye ufa, nikakipeleka Mpanda nimekishika kwenye pikipiki ndani ya shati. Kilipozunguka kwenye mashine kilitoa harufu tamu ya mninga na, chini yake, harufu hafifu ya unga. Nilifanya kazi taratibu kuliko kawaida yangu. Nilikuwa na furaha na sikuona sababu ya kuimaliza haraka.

Kuku wa Litapunga bado wanakunywa kwenye kinu kile. Mama Gaudiose sasa huja kututembelea Mpanda, na hajawahi kuja mikono mitupu. Anafungua kitenge na kunitolea mguu wa stuli iliyovunjika, mpini wa jembe, mara moja kipande cha mlango wa choo cha jirani ambacho sikuuliza alikipataje. Kila kimoja kina sehemu ndogo yenye unyevu, saizi ya kidole. "Maiko," ananiambia, "hiki nimeshakipima." Na mara nyingi huwa hajakosea.

Lakini ninapoulizwa wapi nilipopata mti mzuri kuliko yote, ninarudi kwenye ile asubuhi ya harusi yetu kanisani. Misa ilikuwa imekwisha, tumesimama mbele ya meza ndogo pembeni ya altare, padre amefungua daftari la ndoa, katekista anatunyooshea biro ya plastiki. Nikatoa kalamu yangu mfukoni.

"Ilete kwanza kwangu," akasema Mama Gaudiose.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu, mbele ya padre na wakwe na kwaya nzima, akalamba kidole chake na kuisugua kutoka juu hadi chini. Mjomba Sylvanus akafunika macho kwa kofia. Mama Gaudiose aliendelea kuitazama kwa muda, midomo ikicheza, akimwambia mtu maneno ambayo sisi hatukuyasikia.

Kisha akampa binti yake. Spès alipoiona imelowa alipeleka mkono kwenye shela lake, aikaushe.

"Usiifute," mama yake akasema. "Andika hivyo hivyo."

Spès akaandika jina lake kwa kalamu mbichi, akanipa mimi.