Akiguswa, Ametoka

Mama Mifupa aliingia kwenye uwanja wa mbio za pikipiki akiwa bado na aproni ya buchani, damu ya ng'ombe imemkaukia tumboni, na watu wakampisha bila kuombwa. Hakuja kutazama. Alikuja kumgusa bintiye.

Kumgusa tu, basi. Uwanja ule wa vumbi ulikuwa na sheria ambayo hata walevi waliijua: bendera ikishashuka, dereva akiguswa na mtu asiye kwenye mbio, ametoka. Wanaume waliitunga ili mashabiki wasiwasukume ndugu zao mlimani. Lakini tazama ilivyofanya kazi. Mvulana akianguka, baba yake hubaki nyuma ya kamba akimtukana ainuke. Msichana akianguka, ukoo mzima unaruka kamba: mama, shangazi, mpaka mjomba mwenye mguu mbovu anapona ghafla, wote mbio kwenda kumpangusa vumbi. Ameguswa, ametoka. Hakuna msichana aliyewahi kufika mwisho, na si pikipiki zilizowashinda. Huruma ndiyo iliyowamaliza.

Sasa mwenye uwanja alikuwa amechoka kuona vilio. Alitangaza kwamba safari hii asipomaliza msichana hata mmoja, wasichana hawaandikishwi tena. Na aliyejiandikisha alikuwa mmoja, Kijiti, binti wa Mama Mifupa, mwembamba kama jina lake na mbishi kama mbuzi wa mnadani. Alikwisha kumwambia mama yake, wakiwa buchani wanapanga mbavu, kwamba atamaliza hata akiwa wa mwisho. Mama akamjibu kuwa yeye mifupa anaiuza, hainunui, na shoka likashuka mpaka gogo likalia.

Bendera ikashuka. Pikipiki zikaondoka kwa mngurumo wa kupasua masikio, na kwenye kona ya kwanza ustaarabu ukaishia hapo. Viwiko mbavuni, buti magotini. Dereva mmoja alianguka, gurudumu la mwenzake likampita juu ya mkono. Akatolewa vidole vimetazama kila kimoja kwao. Kijiti akapenya katikati ya vurugu ile kama panya ghalani.

Kona ya pili akamkuta Tingatinga, jitu lenye kifua kama kabati. Tingatinga hakupenda kupitwa, na kupitwa na msichana kulimwasha zaidi ya upupu. Akamsogelea, akampiga teke la goti. Akarudia, la ubavu. Kijiti akamrudishia kiwiko cha mdomo, mdomo ukapasuka. Mama Mifupa, ambaye hakumfundisha mwanawe adabu ile, alijikuta anatabasamu. Akaukunja uso upesi.

Teke la tatu likawaangusha wote wawili. Kofia ya Tingatinga ikamtoka, ikaenda zake. Pikipiki ya Kijiti ikamlalia mguuni, ekzosi juu ya shavu la mguu, na harufu ikafika mpaka kwenye kamba. Harufu ya nyama kugusana na chuma cha moto Mama Mifupa aliijua vizuri kuliko marashi. Akaruka kamba na aproni yake.

Alimkuta Kijiti amejichomoa, yuko magotini, anatema jino. Mkono wa kushoto ulining'inia kama utumbo kwenye ndoano. Mama akautazama kwa jicho la buchani: bega limeteguka, halikuvunjika. Mkono wake mwenyewe ulikuwa tayari juu, unashuka kumshika mtoto.

"Mama, usiniguse," Kijiti akasema, maneno yakitoka na damu. "Ukinigusa leo, hutanigusa tena."

Mkono ukasimama hewani. Mkono uliozoea shoka haujui kuishia njiani.

Tingatinga alikuwa ameshainuka. Akatema mate mekundu, akacheka. "Mchukue, mama. Kamfundishe kupika." Kijiti alipoanza kuinua pikipiki yake, jitu likaipiga teke, ikamwangukia upya juu ya ule mguu uliokwisha kuungua. Kijiti akapiga ukelele mmoja, mfupi.

Ndipo ule mkono ukapata pa kushukia. Lilikuwa kofi la mtu aliyepasua mapaja ya ng'ombe tangu ujana wake. Tingatinga alikaa chini kama mtoto anayesubiri uji.

Mwamuzi akaja mbio na bendera yake. Akamtazama aliyekaa, akamtazama mama, akajikuna kisogo. Sheria ni sheria. "Ameguswa," akasema. "Ametoka."

Kaka zake Tingatinga hawakuikubali elimu hiyo. Wakaruka kamba. Wa kwanza akamkaba Mama Mifupa shingo. Akaumwa sikio mpaka likalegea. Wa pili akampiga ngumi ya jicho, nyusi ikafunguka. Hapo wanawake waliokuwa wametulia na miavuli yao wakaona wameonewa kiasi cha kutosha. Muuza maji alivunja stuli mgongoni kwa mtu ambaye, ilivyojulikana baadaye, hakuwa kaka wa yeyote.

Mama Mifupa alikuwa chini, goti la mwanaume kifuani, aliposikia injini ikikohoa. Akageuza shingo. Kijiti alikuwa ameinua pikipiki kwa mkono mmoja na meno yaliyobaki. Akaikanyagia gia bila klachi, ikaruka, akabaki na gia hiyohiyo akilia kwa sauti mpaka akapita kwenye mstari. Wa mwisho, na mbali sana. Mwenye uwanja akamwandika amemaliza, maana angeandika nini tena?

Katika hema la huduma ya kwanza waliketi benchi moja. Muuguzi alikuwa anashona nyusi ya mama. Bega la binti lilikwisha kurudishwa, na kelele zake zilisikika hadi barabarani. Kijiti hakushukuru.

"Ningempata kona inayofuata. Mwenyewe."

"Najua," mama akasema. "Mkono ndio haukujua."

Pazia likafunuliwa kidogo. Alikuwa fundi cherehani mmoja wa mtaani, mwavuli wake umevunjika, bintiye amemshika upindo wa gauni. Akaulizia lile jino, kama litaota tena.

"Halioti," Mama Mifupa akamjibu.

Fundi cherehani akamtazama bintiye, na bintiye akamtazama Kijiti. Kisha fundi akauliza kofia zile za pikipiki zinauzwa wapi, na kama zipo za kichwa kidogo.