Nyumba Aliyoijenga Lekishon

Nanyori aliingia Arusha haoni akatoka anaona, na hilo mwanawe Lekishon hakulipigia hesabu. Alipomteremsha kutoka Ngorongoro kumpeleka hospitali, safari nzima kwake ilikuwa ukungu na mngurumo wa injini. Angeambiwa yuko Nairobi angeitikia. Sasa daktari alikuwa amemtoa mtoto wa jicho la kulia, akamvalisha miwani myeusi, akamkataza mambo matatu: asiiname, asibebe mzigo, asikae kwenye moshi. Nanyori aliyaitikia yote matatu kwa heshima, akakusudia kutii mawili.

Siku alizolazwa zilimtosha kulijua jiji. Alilitazama kupitia dirisha la wodi: bodaboda zikichomekana katikati ya magari, wauza mitumba wakibishana, Mlima Meru ukichungulia juu ya maghorofa kisha ukijificha.

"Watu wote hawa," alimwambia Lekishon asubuhi ile wakitoka, "na sijaona hata mmoja aliyesimama kumsalimia mwenzake. Wana shida gani?"

"Wana haraka, yeyo," alijibu Lekishon, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Na mimi nina haraka. Lakini nasalimia."

Haraka yake ilikuwa ya kweli. Mvua za masika zilikuwa njiani, na paa la nyumba yake lilikuwa na ufa upande wa kitandani. Nyumba ile ilikuwa yake kwa maana ambayo mtu wa mjini haielewi upesi. Aliijenga mwenyewe alipoletwa pale bibi harusi: fito alikata yeye, udongo na samadi alikanyaga yeye, na kila mwaka kabla ya mvua alipanda juu akalikandika paa upya. Kwao mwanaume ana ng'ombe na ana maneno, lakini nyumba hana. Jioni huinama mlangoni kwa mkewe kama mgeni yeyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema Waswahili, ila Nanyori alijua kwamba paa la samadi likinyeshewa na ufa wake hata ukuta hutapata wa kujenga. Litashuka lote, na mjane asiye na nyumba ndani ya boma ni mtu wa kuhamishwahamishwa kama kiti.

"Leo tutafika?" aliuliza, akipanda kiti cha mbele cha Landkruza.

Lekishon alikuwa dereva wa watalii, anaishi Karatu na mkewe Sifa, na alikuwa hodari wa kujibu maswali. Hili alilijibu kwa kuwasha gari.

"Tutaona, yeyo."

Nanyori akalisikia jibu hilo vizuri, akaliweka akiba.

Walipita chini ya vilima vya Monduli, wakakata kulia Makuyuni. Kila kundi la ng'ombe lililovuka barabara alilisoma kwa sauti, huyu mwekundu, huyu wa mabaka, yule mweusi amekonda, mwenyewe haoni aibu? Alikuwa na furaha isiyofichika. Pale Mto wa Mbu alidai kununuliwa ndizi nyekundu, si kwa njaa, bali kwa sababu rangi ile alikuwa ameisahau. Gari lilipoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, alimgusa mwanawe begani.

"Wageni wako huwa unawasimamishia wapi?"

"Hapo juu. Wanapiga picha."

"Basi nisimamishie na mimi. Au mpaka niwe mweupe?"

Lekishon akasimama, afanye nini. Ziwa Manyara lilikuwa limelala chini kwa bluu iliyopauka, pembeni yake mstari wa waridi wa ndege heroe, na msitu mzito ukiliegemea. Nanyori aliliangalia mpaka akatosheka. Mtalii mmoja akamwinulia kamera bila kuuliza. Yeye akavua miwani, akamkazia jicho lake jipya, hakupepesa, mpaka yule bwana mwenyewe akaishusha kamera na kujidai anatafuta kitu mfukoni. Akavaa miwani yake, akarudi garini ameridhika.

Karatu iliwapokea na udongo wake mwekundu, mashamba ya mahindi na ngano yakiteremka mabondeni, na kwa mbali Mlima Oldeani umejifunika wingu. Katikati ya mji Lekishon akawasha taa ya kukata kona.

"Lami inanyooka kwenda geti la Ngorongoro," alisema Nanyori. "Wewe unaenda wapi?"

"Tunapumzika kidogo kwa Sifa, yeyo."

"Kwa Sifa ni upande ule mwingine, nyuma ya soko. Tulipokuwa tunashuka sikuona, lakini masikio nilikuwa nayo. Tulipita kwenye mashine ya kusaga."

Gari liliruka mashimo, likapita shamba la kahawa, likasimama mbele ya nyumba mpya. Ilikuwa nyumba nzuri, hakuna haja ya kuidhulumu: kuta za bluu, bati jekundu, vyuma madirishani, vigae mpaka barazani. Sifa alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha kichwa kwa adabu, mama mkwe akamgusa utosini.

"Yeyo," alisema Lekishon kwa furaha, "hii nyumba ni yako."

"Yangu? Nimeijenga lini?"

"Nimekujengea mimi."

Nanyori alimtazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyezaa mbuzi. "Wewe. Umekata fito? Umekanyaga samadi?"

"Nilimweka fundi."

"Fundi ni mwanamke?"

"Ni Piusi, yeyo. Wa Mbulu."

"Kumbe ni nyumba ya Piusi. Mshukuru, tupande gari twende."

Sifa aliziba mdomo kwa ncha ya shuka. Lekishon alicheka kidogo, akamshika mama yake mkono, akamwingiza ndani kabla hajakataa vizuri. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndivyo wasemavyo, na Nanyori alipoingia ndani alisimama wima.

Ukutani, juu ya kochi jipya, vibuyu vyake vitatu vya maziwa vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari, vimepangwa mkubwa kwa mdogo, kama vinavyotundikwa kwenye hoteli za watalii. Kigoda chake kilikuwa chini ya televisheni. Ngozi yake ya kulalia ilikuwa imetandazwa sakafuni ikanyagwe.

Hasira ilimpanda toka miguuni.

"Nani aliingia kwangu?"

"Nilikwenda ulipokuwa umelazwa. Nilitaka ukute vitu vyako."

"Kibuyu cha mwanamke hushiki mpaka upewe. Hata baba yako, na ukali wake wote, alingoja nimpe. Wewe umeingia nyumbani kwangu sipo, umenipekua, umenitundika kwenye msumari!"

"Yeyo, nisikilize." Lekishon alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amevaa viatu vilevile miaka mitatu ili bati lile lipatikane. "Moshi wa nyumba ile ndio uliokuharibu macho. Daktari amesema. Kule baridi, hospitali mbali, na watu wanahama hifadhini kila kukicha. Nani atabaki na wewe?"

Lile la moshi lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Akalimeza, akaendelea.

"Wanaohama kwa kupenda kwao, waende salama. Mimi nimeulizwa na nani? Hata wewe niliyekuzaa hukuniuliza. Nirudishe nikazibe paa langu."

"Paa lile halina maisha. Mvua mbili tatu litakuwa chini, na maneno yatakwisha yenyewe."

Lekishon alijua amesema lililokuwa moyoni.

"Ala," alisema Nanyori taratibu. "Kumbe ulikuwa unaingoja mvua."

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa shuka, akairudisha. "Afadhali kufa macho kuliko kufa moyo. Nimekaa miaka sioni, lakini nilikuwa kwangu. Kila kitu nilikijua kilipo. Hapa naona mpaka kona, na sina hata pa kuweka mkono." Akatoka nje, akaketi barazani, akageuzia nyumba mgongo.

Sifa alimfuata na chai. Hakuondoka. Alibaki amesimama, akichezea ushanga wa mkononi, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Hata mimi si yangu, yeyo. Tangu niolewe nimekaa kwenye vyumba vyake vya kupanga, sasa nimehamishiwa hii. Nikienda kwetu Enguserosambu wenzangu wananicheka. Wanasema mimi ndiye mwanamke anayelala kwa mumewe. Tukigombana, Lekishon ananiambia nitoke. Na kweli, nitamwambia atoke yeye kwa lipi?"

Nanyori aliiweka chai chini.

"Hujawahi kujenga?"

"Nilikuwa bwenini. Sikufundishwa."

"Hapa ng'ombe wanafugwa wapi?"

Walifugwa kwa jirani, mama mmoja wa Kiiraqw aitwaye Leonida, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Nanyori alimwendea na Kiswahili chake cha mnadani.

"Mama, habari ya ng'ombe? Nipe mavi."

Leonida alicheka mpaka akashika nguzo. "Bibi yangu, chukua yote! Ila ya nini, na nyumba yenu imepakwa rangi?"

"Rangi si nyumba."

Sifa alibeba ndoo mbili. Nanyori alisimama mbele ya ukuta wa bluu, mikono nyuma, akatoa amri. Daktari alimkataza kuinama, hakumkataza kuamuru. Changanya na majivu. Ongeza maji, si hivyo, huo ni uji. Chukua kwa kiganja, si kwa vidole, unaogopa nini, ni majani tu yaliyopitia kwa ng'ombe. Anzia kizingitini, panda, sukuma mpaka ishike. Mwanzoni Sifa alikunja uso. Baadaye alikunja mikono ya blauzi. Mlango ukazungukwa na mkanda mpana wa kijani kibichi.

Lekishon alitoka, akashika kichwa. "Rangi yangu!"

"Rangi yako ipo chini, haijaenda popote."

"Yeyo, majirani watanionaje?"

"Watakuona mwenye mke." Nanyori alitemea mate mepesi viganja vya Sifa, mate ya baraka, akavikunja. "Aliyeikandika ndiye mwenyewe. Nyumba hii ni ya Sifa. Mimi leo nalala hapa mgeni wake, kesho nakwenda kwangu. Na wewe, ukitaka kuingia, mlango unaujua."

Lekishon aliondoka kwa hasira kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Aliporudi, jua likizama nyuma ya Oldeani, mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Wanawake wawili waliokaa ndani waliusikia ukilia kwenye vidole vyake. Ukalia, ukanyamaza. Nanyori alimtazama Sifa. Sifa aliutazama mlango.

"Hodi," alisema Lekishon.

"Nani?" aliuliza Sifa.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nanyori ilibidi auume upindo wa shuka asicheke.

"Lekishon. Naomba kuingia."

"Karibu," alisema Sifa, na ilikuwa sauti ambayo mama mkwe wake hakuwahi kuisikia kwake.

Asubuhi walipanda watatu, vibuyu vikiwa mapajani mwa Sifa. Baada ya geti msitu ukawameza, ukungu ukapita dirishani kama moshi wa mtu asiyejulikana, miti imevaa ndevu za kuvu. Pale juu ya kreta ukungu ulifunguka, na shimo lote likaonekana hadi chini, na maji yake ya chumvi yaking'aa katikati. Lekishon alipunguza mwendo mwenyewe safari hii.

"Nisimame?"

"Limekuwepo siku zote, litanisubiri. Angalia wingu lile."

Walilikuta boma lao, ng'ambo ya kreta, upepo ukigeuka. Salamu zilikuwa fupi. Sifa alipandishwa juu ya paa na ndoo ya samadi, Nanyori chini akimwelekeza: kushoto, bado, ufa ni mrefu kuliko unavyoonekana, fuata. Ulipozibwa, Nanyori aliingia ndani na shoka. Lekishon alisikia pigo, likafuata lingine.

"Yeyo! Unavunja nini?"

"Ukuta wangu."

Alikuwa anatoboa juu ya jiko tundu la upana wa sufuria, kwa mkono wake, akichukua muda wake. Lile la moshi lilikuwa kweli, na yeye hakuwa mtu wa kukataa kweli. Alichokataa ni kuamuliwa. Tundu lilipopenya, mwanga uliingia wote kwa pamoja, na Nanyori akaiona nyumba yake. Aliona kuta zilivyong'aa kwa weusi wa miaka, alama za viganja vyake vya ubibi harusi juu ya kitanda, vidogo kuliko alivyovikumbuka. Akalia kidogo. Daktari hakukataza.

Sifa alikuwa anavitundika vibuyu mahali pake mvua ilipoanza. Ilianza kwa matone makubwa, kisha ikamwagika. Nje Lekishon alikuwa amesimama kando ya gari, kofia imelowa. Alikuja mpaka mlangoni, akasita.

"Hodi, yeyo. Mvua."

"Naisikia. Si ndiyo uliyokuwa unaingoja? Ingia basi, uone kama inavuja."

Lekishon aliinama, akaingia, akaketi pale alipoonyeshwa. Alitazama juu kwa muda mrefu. Hakuna hata tone lililodondoka.