Nyumba Yenye Milango Miwili

Mume wangu Gaspard, Mungu amrehemu, aliijenga nyumba yetu kwa matofali ya udongo, ubavuni mwa mtaro, na kuiwekea milango miwili: mmoja unatazama mtaa wa Juu, mwingine mtaa wa Chini. Mvua ikizidi, mtaro hufurika na maji huingia kwa Juu. Basi tunafungua milango yote na kuyafagia yatokee Chini. Gaspard alikuwa akisema maji ni mgeni, ukimnyima njia ya kutoka atahamia.

Sisi wa pembezoni mwa Kinama hatukuwahi kugombea mpaka. Kila Jumamosi, kwenye kazi za pamoja, wa Juu na wa Chini tulizibua mtaro bega kwa bega. Kisha ukaja uchaguzi wa wakuu wa mitaa, akaja na Callixte, mchora ramani wa Kinanira, kule kwa wenye pesa, viatu vyeupe kama harusini. Akasema mpaka ni mtaro, na kila nyumba inayougusa itakuwa ya mtaa ambao mlango wake unautazama.

“Ya kwako inaangaliya wapi, mama?”

“Pande zote mbili. We hauna macho?”

“Basi muchague. Nitarudia wiki ijayo.”

Ndani tulikuwa watu wazima saba, pamoja na mashemeji zangu na mama mkwe wangu Béatrice asiyetoka kitandani. Kura saba si mchezo. Astère, mgombea wa Chini, alituletea fanta. Mirindi wa Juu alileta fundi, saruji na mlango wa chuma.

“Mama Kelly, ile mulango ya mbao mwizi anaipiga teke moja tu,” alisema. “Tunakuwekea hii, ile ya Chini tunaifunga na matofali.”

“Na maji itatokeya wapi?”

“Maji gani? Nikipita, mutaro utazibuliwa kila samedi ya kazi za pamoja. Mi mwenyewe nitashika pauro nichote matope.”

Nilikubali. Mjane anayelala na roho mkononi kwa ajili ya wezi, akiletewa chuma, atakataa? Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mimi nisiye nyoka. Callixte akarudi, akauona mlango mmoja, akatuandika Juu. Mirindi alimshinda mpinzani wake wa Juu kwa kura chache, na zetu zilikuwemo; Astère naye akapita kwa Chini.

Jumamosi zilizofuata, watu wa Juu walifyeka nyasi hadi ukingoni mwa mtaro, wakaweka majembe chini.

“Mutaro ni mupaka,” Mirindi aliniambia. “Ni ya watu wote. Tunangoja ba Chini baanze.”

Nikaenda kwa Astère, nikamwomba kwa unyenyekevu.

“Mulango yako haituangaliye, mama,” alinijibu. “Uliza yule uliyemupa kura.”

Mtaro ukajaa matope na chupa. Novemba mvua ilipokuja, ilikuja mchana kweupe, kila mtu akiona. Maji yaliingia kwa mlango wa chuma, yakapiga ukuta wa matofali, yakakaa. Nilichukua jembe nikaupiga pale palipozibwa, nikapiga huku nikilia. Fundi wa Mirindi, ole wangu, alikuwa fundi kweli: saruji haikutingishika. Kuta za Gaspard ndizo zilizolainika. Mashemeji walimtoa mama mkwe kwa godoro lake, na nyumba ikalala chini nyuma yetu.

Vilibaki vimesimama vitu viwili tu: mlango wa chuma, na kile kipande cha matofali ya saruji.

Mirindi alifika na mahema ya msaada ya watu wa Juu.

“Pole sana, Mama Kelly. Lakini haya ni ya nyumba za mutaa yetu. Yako haiko tena.”

Nikatoa ufunguo, nikaufungua ule mlango, nikasimama kizingitini huku nyuma yangu ni anga tupu.

“Mulango iko, shefu. Inakuangaliya.”

Aliondoka na mahema yake. Mashemeji wametawanyika; sasa mama mkwe na mimi tunalala chini ya shuka na mabati mabovu. Kila asubuhi naufungua mlango, nakaa hapo nikimngoja apite kwenda ofisini kwake. Majirani wanasema nimerukwa na akili.

Hapiti tena. Mkuu wa mtaa wa Juu siku hizi anazungukia mtaa wa Chini.